Nilishinda Bei, Nikapoteza Pointi

Nianze na cheo yangu, juu batu ba Butembo banapendaka kujua mutu iko nani mbele ya kumusikiliza. Ku masomo kwenye ninafundishaka hesabu, hapa Mususa, mutaa ya Butembo, niko mwalimu tu. Nimekuwa mwalimu tu miaka kumi na mbili. Hakuna mutu alishawahi kuniandikia barua ya kuniambia nimepanda. Lakini mu simu yangu, ku site moja ya poker, nilikuwa "Argent", cheo ya feza. Miezi ine mbele nilikuwa "Bronze", cheo ya chini yake, kisha balinipandisha bila kungojea mukubwa mwenye hayuko ku bureau, bila kutoa mbuzi, bila ata kuomba. Barua ilifika na picha ya taji: "Félicitations, cher membre fidèle", pongezi kwa mwanamemba mwaminifu. Niliisoma mara tatu ku récréation, saa ya mapumziko, nikaona ya kama kuko mahali moja mu dunia kwenye kazi yangu inaonekana.

Kwa mwenye hajui, poker ni karata. Kila mutu ananunua jetons, vipande vya kuhesabia franga, munakaa ku meza, munadanganyana na karata yenye mwengine haioni. Ku internet meza iko mu simu, na benye munacheza nabo bako Brésil, bako Ukraine, bako wapi sijue, banaitwa na majina ya vinyama. Site yenyewe haichezake. Inakaa pembeni, na kila mara jetons zikikusanyika katikati ya meza, inachota kidogo. Kidogo kabisa, usisikie uchungu. Batu ba karata banaita ile "rake". Mimi naiitaka kodi ya meza, juu inafanana na kodi ya soko: uuze, usiuze, mwenye kukata tikiti anapita.

Sasa, kwa kila kodi yenye banachota kwako, banakupa pointi. Njo ile banaita pointi ya fidélité, ya uaminifu. Unalipa, nabo banakuandikia ya kama uko mwaminifu. Bibi yangu marehemu alikuwa mwaminifu kwa babu miaka makumi tano na hakupata ata kofia moja. Mimi nilikuwa na haki ya kofia kisha miezi mbili. Pointi ikiwa mingi, unaingia mu duka yabo ya pale pale mu site na kuchagua: kofia, sac, écouteurs. Na chini kabisa, kisha montre moja, saa ya mukono, yenye sijue mutu gani mwenye akili anaivaaka, kulikuwa ordinateur, kompyuta ya kubeba. Pointi elfu makumi sita.

Nilikuwa nachezaka kisha masomo, saa nane mpaka saa kumi na moja, ku kibanda ya kuchajisha simu karibu na kwetu. Pale kuko courant, umeme, na mwenye kibanda alinizoea. Ku meza sikuwa nashinda sana, sikuwa napoteza sana. Nilikuwa nazunguka na franga ile ile, inaenda, inarudi, na kila mara ikipita site inachota kidogo na kuniandikia pointi. Bengine banaita ile mchezo. Mimi nilikuwa naita mupango.

Sasa nieleze juu ya mudogo yangu, musichana, njo mambo yote ilisimamia kwake. Yeye alikuwa mwaka ya mwisho ku université, kule Beni. Anakaa kwa mama mudogo yetu ku Mavivi, karibu na uwanja ya ndege, kwenye ndege ikishuka masahani inatetemeka mu kabati. Mémoire yake, ile kazi ya kumaliza masomo, ilikuwa juu ya kakao ya Kamango: namna balimaji banachachusha mbegu, siku ngapi, mu sanduku ya mbao gani, na juu ya nini banunuzi ba ng'ambo ya mupaka kila mara banasema haijakauka muzuri. Alienda kule mara tatu. Alirudi na cahier tatu, madaftari yenye kujaa maandishi, pamoja na miguu yenye kuvimba.

Mémoire yenye kuandikwa na mukono hakuna mwenye anaipokea. Ni lazima, paka ichapwe. Banafunzi benye hawana machine, ni kusema ordinateur, banapelekaka cahier ku secrétariat public, kwenye mutu anachapa kwa kuhesabu page, na anachapa venye ye mwenyewe anaona. Rafiki yake moja alipeleka kazi juu ya magonjwa ya manioc, mihogo, ikarudi magonjwa ya maniaque, mutu wa wazimu, kila page, mpaka ku kifuniko. Jury, ni kusema bakubwa ba kupima kazi, ilicheka mpaka mukubwa wa jury akatoka inje. Donc mudogo yangu aliogopa secrétariat kupita vile anaogopa njia ya hatari ya Kamango.

Dimanche moja ya février, kisha misa, tulikuwa kwa mama, tunakula bugali na sombe. Mudogo alikuwa ametoka Beni kutusalimia. Akasema rafiki mwengine amekubali kumuazima machine yake, saa mbili kila siku, mpaka dépôt, siku ya kutoa kazi, ku mwisho ya juin. Aliiona ile bahati kubwa. Nilipaswa kusema "Mungu asifiwe" na kuendelea kula. Lakini mutu wa cheo ya Argent hawezi kuacha mudogo yake aazime machine.

— Hapana, nikasema. Mwambie aache. Mimi nitakuletea ordinateur. Ya mupya. Ya kwako.

— Utaitosha wapi? mama akauliza.

— Nimeshaanza kuikusanya, mama. Niko na pointi elfu makumi ine na moja.

Nikamuonyesha simu. Mama akaangalia ile namba na macho yenye anaangaliaka kiloba yenye kushonwa mara ya pili.

— Hii ni feza?

— Ni kupita feza. Feza inaishaka.

Mudogo aliacha kula. Akaniangalia, akaniita vile tunaitaka kaka mukubwa.

— Yaya, kweli?

— Kweli. Mu mai utakuwa nayo.

Mimi mwalimu wa hesabu, nilikuwa nimeshapiga hesabu: pointi elfu moja na mia tano kila semaine, kila siku saba, semaine kumi na tatu, tunafika. Pale pale mbele ya sahani akachukua simu na kuandikia ule rafiki ya kama asante sana, machine haina lazima tena, kaka yake analeta. Mama akamuambia angojee kwanza kuiona na macho. Akasema: "Mama, ni yaya amesema." Ile maneno nilikula nayo bugali yote yenye ilibakia.

Ku duka ya site baliomba adresse na code postal, namba ya posta. Butembo hatukuwake na code postal. Tunasemaka "ukifika ku mti, uliza". Nikaandika ghala ya mufanyabiashara moja, jirani yetu, ku Kampala, kwenye anapakiliaka camion ya kuja Butembo. Kila kitu kilikuwa tayari. Kulibakia paka kuwa mwaminifu tu.

Mu mars, mutu moja mu groupe ya bachezaji akaniandikia pembeni. Alijiita agent, mutu wa kuletea site bachezaji. Picha yake ilikuwa mutu wa suti mbele ya gari, na vile alisimama mbali na ile gari, niliona ya kama haiko yake. Akasema: "Chef, unalipa rake mingi. Banakurudishia nini? Mimi nitakurudishia franga. Vingt pour cent, makumi mbili juu ya mia ya rake yako yote, kila vendredi, kila Ijumaa." Ile dawa inaitwa rakeback. Mwenye kukata tikiti ya soko anarudi vendredi na kukurudishia kipande! Mutu yeyote wa Butembo ukimueleza ile mambo atakuuliza uko na homa tangu lini.

Mwenye akili angesoma. Mimi nilienda kwa mama.

Mama anauzishaka maharagi ku soko tangu mbele nizaliwe, na juu ya bei hakuna mutu anamuweza. Paka nieleze vile tunafanyaka kwetu, juu bila ile hautaelewa ujinga yangu. Kwetu bei ya kwanza ni salamu. Hakuna mutu anaiitikaka. Ukiitika bei ya kwanza, muuzaji mwenyewe anasikia mubaya, analala anawaza ya kama angeanza juu zaidi, na kesho anakuambia umemudharau. Unakataa, unageuka, unapiga hatua mbili, anakuita. Kisha kuko matabishi. Kopo ya maharagi inajazwa, inapigwa chini ishuke, inajazwa tena mpaka inafanya kilima. Ikimwangwa mu mufuko yako, muuzaji anaongeza mukono moja ingine. Ile mukono haitokake mu kopo yako. Inatoka kwa muuzaji, ku roho yake, juu uko client wa siku zote. Batoto ba hapa banajua ile mbele ya kujua Baba Yetu.

Donc mama alisikia "vingt" na kuchekea mu pua.

— Na weye ukajibu nini?

— Bado.

— Muzuri. Mwambie hapana.

— Na akienda?

— Mutu mwenye amekuita mwenyewe haendake. Mwambie kuko mwengine anakupa trente, makumi tatu.

— Hakuna mwengine, mama.

— Kwani yeye anajua?

Nikaandika. Saa nzima ikapita. Mimi jasho, mama anapepeta maharagi. Kisha: "Vingt-cinq, chef, juu ni weye." Makumi mbili na tano. Mama akasema nizime simu. Nikazima. Bauzaji ba pembeni bakaanza kusogea, mwenye samaki, mwenye chumvi, mwenye mafuta ya mawese, bote banataka kujua ule mutu wa mu simu amefika wapi. Ku saa kumi nikawasha: "Trente." Mwenye samaki akapiga makofi. Mama akanyoosha mukono moja, vidole tano. Nikaandika trente-cinq, makumi tatu na tano, ama basi.

Jibu ilikuja kesho yake, sisi bote pale: "Trente-cinq, d'accord. Lakini ile ni formule ingine. Soma masharti, kisha bonyeza."

— Anasema nini? mama akauliza.

— Amekubali.

Eh Mungu, vigelegele! Mwenye chumvi akasema nimetoka kabisa mu tumbo ya mama yangu. Mwenye samaki akauliza kama ile pointi ya ordinateur inabakia.

— Inabakia, nikajibu. Hii ni juu yake.

— Njo matabishi, mama akamueleza, na ule akaitikia na kichwa, juu kitu haiwezi kuwa wazi kupita ile.

Masharti ilikuwa page kumi na ine, mu Kifaransa ya ba-avocats, banasheria, maandishi kidogo mpaka paka uvute na vidole. Mimi ni ule mwalimu mwenye anaandikaka na wino mwekundu ku kazi ya banafunzi: "Haukusoma ulizo." Nilishaka kumupa mutoto zéro juu ya ile, na mama yake akakuja kulia ku masomo, nikamuambia ya kama mu maisha mwenye hasomi atajua. Nikashuka mpaka chini ya page ya kumi na ine na kubonyeza "J'accepte", nakubali. Megas za internet ni bei.

Vendredi ya kwanza franga ikaingia. Vendredi ya pili ikaingia tena. Tulikula nyama ya mbuzi, mama akapata soda, mimi nikatembea Mususa kama mutu mwenye amerudi Dubai na container. Nikaeleza mwenye kibanda ya kuchajisha ya kama siri ya poker haiko ku karata, iko ku négociation, ku kupatana bei. Akaniomba nimufundishe. Nikamuambia ile haifundishwe, unazaliwa nayo.

Semaine ya tatu njo nilifungua duka ya pointi, kuona tumefika wapi. Kwenye kulikuwa elfu makumi ine na saba, kulikuwa zéro. Cheo haikuwa tena Argent. Haikuwa ata Bronze. Ilikuwa "Membre", mwanamemba tu. Na ku mulango ya duka baliandika ya kama programme ya fidélité haifunguke kwa compte, akaunti yangu.

Nilizima simu, nikawasha. Nilitosha carte SIM, nikaipangusa na shati, nikairudisha. Nilipanda mpaka juu ya kilima kwenye réseau ya simu iko muzuri, sijue niliwaza ya kama pointi zilibakia chini zinangojea courant. Zéro. Nikaandikia service ya baclients. Balijibu mara moja, na heshima sana: banashukuru uaminifu yangu. Nikaandika tena, na hasira. Banashukuru uaminifu yangu. Mara ya tatu niliandika matusi ya Kinande, luga ya kwetu, yenye singeweza kusema mbele ya padri. Bakashukuru.

Nikamutafuta agent.

— Chef! Habari ya vendredi?

— Pointi yangu iko wapi?

— Pointi gani? Si uko ku trente-cinq?

— Trente-cinq pamoja na pointi.

— Ah non, chef. Ku vingt njo ulikuwa unabakia na pointi yako yote, na zingine zinaendelea kuingia. Ku vingt-cinq, zinaingia nusu. Ku trente, haziingie tena, lakini za zamani zinabakia. Ku trente-cinq banafunga compte ya pointi. Iko page ya tisa.

— Na juu ya nini haukuniambia?

— Nilikuambia usome. Na tena, ya muzuri nilikupa kwanza. Ni weye ulikataa. Kusema kweli nilishangaa, sijaona mutu anakataa vingt na pointi. Nikawaza, huyu ni professionnel.

Nilikaa chini ku majani. Kumbe kuko batu ku hii dunia benye bei yabo ya kwanza ni bei ya kweli! Kila mara mama alisema "panda", ule mutu alikuwa anachota mu kopo yetu yenyewe, anatuongezea ile ile maharagi yetu, na sisi tunapiga vigelegele. Nikaomba anirudishe ku vingt. Akasema kurudi inawezekana, lakini pointi zenye zimeshafungwa hazifufukake, nitaanza ku zéro. Nikapiga hesabu, sasa njo niliipiga: na ile franga ya vendredi, ordinateur itafika Noeli ya mwaka yenye inakuja, kama naendelea kucheza kila siku na kama sinunue nyama ya mbuzi. Site haikupoteza kitu. Kodi yabo ilikuwa ile ile.

Kumuambia mama ilikuwa nguvu. Alikuwa anapimia client. Nilieleza pole pole, vingt hivi, trente-cinq hivi, page ya tisa. Alisikiliza mpaka mwisho.

— Donc ni mimi, akasema.

— Hapana, mama. Ni mimi. Mimi njo najua kusoma.

Alimumwangia ule client kopo yake na kufunga mufuko. Client akabakia amesimama, anangojea ile mukono ya juu, mpaka mimi njo nilimuongezea.

Ku Beni sikutuma message. Kuko mambo yenye mutu anasema na mudomo. Ilikuwa samedi ya mai, ule mai wangu wa semaine kumi na tatu. Nikapanda taxi. Ku barrière moja askari mwenye anasemaka Lingala tu akaniuliza naenda Beni kufanya nini. Nikamuambia: kuomba musamaha. Akacheka, akasema basi ni mwanamuke, akaniacha nipite bila kuangalia carte yangu ya kitambulisho.

Mudogo alikuwa ameniona kwa mbali. Alikuja mbio mpaka ku njia, akanyanganya sac yangu ku bega, akaisikia nyepesi. Akaniingiza mu chumba. Alikuwa ameweka meza chini ya dirisha. Juu ya meza kitambaa, ile yenye mama mudogo anatoshaka paka siku ya Pasaka tu. Pembeni, rallonge, kamba ya kurefusha courant, mupya, bado iko na nylon yake. Cahier tatu moja juu ya ingine. Mahali ya katikati ilikuwa wazi.

Nikaanza kueleza. Nilieleza rake. Nilieleza rakeback. Nilieleza vile ku vingt pointi inabakia na ku trente-cinq inafungwa, na vile agent alikosa roho ya biashara, na vile service ya baclients ni machine haiko mutu. Nilieleza sana, juu nilikuwa naogopa kumaliza. Alinisikiliza vile anasikilizaka balimaji ba Kamango, kichwa kidogo ku upande. Kisha akauliza ulizo moja tu.

— Kama ulibakia ku vingt, ingefika lini?

— Semaine hii, nikasema.

— Sawa, yaya.

Angenitukana. Angetupa ile rallonge ku mulango. Nilikuwa tayari kwa ile yote. Alikunja kitambaa ya Pasaka mara mbili na kuirudishia mama mudogo. Nilisikia haya mpaka masikio ikawaka, na nilikunywa chai yabo na ile masikio.

Ule rafiki wa machine alikuwa ameshaiazima mutu mwengine tangu février. Ma-secrétariat ya Beni yote ilikuwa imejaa, bafinalistes, banafunzi ba mwaka ya mwisho, banapanga mustari tangu asubui, na kila mutu wa mustari yuko na manioc yake ya kuchunga. Alijaribu mbili, bakamuambia mu juillet. Dépôt ikafungwa mwisho ya juin bila kazi yake. Benzake balitetea kazi yabo mbele ya jury, bakavaa batoge, kanzu ya kumaliza masomo, bakapigwa picha. Alienda kupiga makofi, alinitumia picha moja, yeye pembeni na robe ya kila siku, anacheka na mudomo tu. Yeye alibakia kungojea session ya pili ya kutetea.

Agent naye hakunisahau. Aliniandikia mu juillet: quarante pour cent, makumi ine, chef, juu ni weye. Sikumujibu. Sikumuambia ata hapana, juu ningesema hapana angepandisha. Nilitosha ile poker mu simu, na tangu siku ile niko mwalimu tu.

Vacances, likizo ya masomo, ilipoanza nikaenda Mavivi. Jirani wa mama mudogo, mutumishi wa serikali mwenye alitumwa kutoka Kasaï, alituazima machine yake ya zamani. Ilikuwa machine ya kweli, na herufi "e" iling'oka, unafinya kamusumari kenye kalibakia; na Mungu anajua Kifaransa iko na "e" ngapi. Nikamuambia mudogo: mimi nitachapa. Hakukataa. Alinipa cahier ya kwanza na kunionyesha kwa kuanzia.

Nilichapa semaine tatu. Asubui mpaka courant inakatika. Nilijua sasa mambo ya kakao yenye sikuitafuta: siku sita za kuchachusha, kugeuza kila siku mbili, majani ya ndizi ya kufunika. Niliona kazi yenye alifanya, kweli. Aliuliza balimaji makumi nane, moja moja, na alijua kila mutu shamba yake inaangalia wapi. Alikuwa anapita nyuma yangu na bic, kalamu yake, anasoma ku écran, kioo ya machine. "Page makumi tatu, mustari ya nane, umeruka neno." Narudisha. "Hapa ni hectare, haiko hectolitre." Narekebisha. Alinisemesha muzuri, na heshima, chai ilikuja kila siku ku saa ine. Hakuniita yaya ata mara moja mu ile semaine tatu. Nilihesabu.

Siku ya mwisho, mbele ya kuimprima kazi ku karatasi, kulibakia remerciements, ile page ya kushukuru batu. Ilikuwa ku page ya mwisho ya cahier ya tatu, aliiandika mu février, mbele ya mémoire kuchapwa. Banafunzi bengi banafanyaka vile, kujipa nguvu. Akanifungulia page, akatoka kuanika manguo.

Nikachapa. Kwa Mungu. Kwa mama yetu, mwenye alimusomesha na maharagi. Kwa mama mudogo, ku nyumba yake. Kwa mwalimu mwenye aliongoza kazi. Kwa balimaji ba Kamango. Kisha kulikuwa mustari yenye kukatwa. Hakuikata na hasira; aliikata na règle, rula, mara mbili, sawa sawa, mpaka ku nukta. Lakini chini ya wino unaweza kusoma. Mu Kifaransa ya kujipamba ilisema hivi: "Kwa kaka yangu mukubwa, mwenye aliniletea ordinateur yenye kazi hii yote imeandikiwa."

Vidole ilikuwa juu ya clavier, ku herufi za machine. Nilikuwa peke yangu mu chumba, na hakuna mutu mu dunia angeniuliza ile saa juu ya nini naweka mustari moja ingine. Kazi hii yote niliichapa mimi, kila "e" yake. Lakini mutu wa kuchapa anachapaka yenye mwenye kazi ameacha. Yenye amekata, hachapake. Nikaweka nukta kisha balimaji ba Kamango.

Akaingia, mikono bado na maji.

— Umefika wapi?

— Nimemaliza remerciements.

Akainama nyuma yangu, akasoma ku écran, mustari kwa mustari, mpaka chini. Akaangalia cahier. Akaangalia tena écran.

— Haukuruka kitu?

— Hapana, nikasema. Sikuruka kitu.

— Sawa, akasema. Basi imprima.